Sauti Alizozifuta Zebiniso

Mtaa wa Gulzor,
Urgut, Samarkand.
24 Mei 2024

Mpendwa Kaka Normurod,

Assalamu alaikum, kaka yangu. Hali yako? Goti la kushoto linaendeleaje, limepona kweli au unatudanganya kama kawaida yako? Wifi Oydin anasema ukicheka sana kwenye simu ndipo anapojua linakuuma. Na chakula je? Eshmurod alipokuja likizo alitwambia mnapika kwa zamu huko Urusi, Samara, na kwamba zamu yako ikifika watu wanakumbuka ghafla kuwa wana safari. Nilimtetea ndugu yangu, lakini moyoni nilijua anasema kweli.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama yuko imara. Presha yake iko pale pale na ulimi wake pia uko pale pale. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni, na Wifi anamlea utadhani ni mtoto wake wa tano. Miforsadi imezaa hadi ua mzima umegeuka zambarau. Mama kila asubuhi anawalaumu ndege.

Najua umetuma ujumbe mara sita kuuliza kulikoni, na hakuna aliyekujibu. Ni mimi niliyewakataza. Hata Mama nimemwapisha, na nimeficha simu yake ndani ya pipa la unga ili kiapo kisimshinde. Mambo haya hayasemeki kwa simu. Nikikupigia, Mama ananipokonya, Wifi akikupigia, watoto wanataka kusema wote kwa pamoja, na wewe mwenyewe uko juu ya ukuta, mashine inanguruma, unasema tu "eh? eh?" Kwa hiyo nakuandikia, na Eshmurod ataibeba barua hii pamoja na zabibu kavu na mikate ya tanuri ya Wifi. Kaa chini kwanza. Usiisome umesimama.

Unajua kwamba mwaka huu shule yetu iliruhusiwa kujaribu majalada ya mtandaoni katika somo la Kijerumani. Nilikueleza juu juu, ukasema "safi sana," nikajua hujaelewa kitu. Ni hivi. Kila mwanafunzi ana jalada lake kwenye mtandao, kama kabati lenye jina lake mlangoni. Tangu Septemba anaweka humo kila anachofanya: insha, barua, video, sauti aliyojirekodi akisimulia, makosa niliyomsahihishia na jinsi alivyorudia. Mwisho wa mwaka tume ya mkoa inakuja, inafungua, inaona mtu alianzia wapi na amefika wapi. Si lile jambo letu la zamani la kumsimamisha mtoto mbele ya meza dakika kumi kisha kumpa hukumu ya maisha.

Nililipigania jambo hili kwa ajili ya darasa zima, lakini sitakuficha, niliyekuwa namfikiria zaidi ni binti yako. Unakumbuka mwaka jana. Zebiniso anasema Kijerumani nyumbani hadi ng'ombe anaitika, lakini akisimamishwa mbele ya watu watatu waliovaa tai, anakauka. Mwaka jana alitaja jina lake na la mji wake, kisha akatazama dirisha mpaka wakamwambia aende. Aliponitazama alipokuwa akitoka, nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu Mkuu wetu, Toshpulat, hakutaka kabisa. Aliniambia, "Mwalimu Hosiyat, mtihani ni mtihani. Mambo ya sauti za simu ni ya kutumiana salamu za sikukuu." Nikamuuliza, "Mkuu, ukitaka kumjua mpishi, unaonja pilau yake ya siku moja, siku ambayo mkono unamtetemeka, au unakula kwake mwaka mzima?" Akasema mimi ni mbishi tangu tulipokuwa darasa moja. Nikamwambia ni kweli, na yeye alikuwa akinakili hesabu zangu. Akatia sahihi.

Kilichokuwa hatarini unakijua, maana nusu yake ni kazi yako. Taasisi ya lugha ya Samarkand ilitoa nafasi kwa wale ambao tume ingewapitisha. Wewe ulisema kwenye simu, mbele yetu wote, kwamba Zebiniso akipita, asome. Asipopita, Mama aamue. Na Mama alishaamua. Washenga wa ile familia ya kule juu ya bonde wameshakaa kwenye zulia letu mara mbili, na mara ya pili walileta mikate miwili na kitambaa. Mama aliipokea mikate lakini hakuimega, maana kuimega ndiko kukubali. Alisema, "Nasubiri shule iseme." Mikate ilikuwa juu ya kabati, na kila siku Zebiniso akipita anaitazama.

Sasa nakuja kwenye kosa, na mwanzo wa kosa ni mimi mwenyewe, kaka.

Jumatatu nililiambia darasa, "Kesho wageni wanakuja kuangalia majalada yenu. Yawe tayari." Hayo tu. Nilimaanisha waangalie kama kila kitu kinafunguka. Lakini umesahau sisi ni watu gani? Mgeni akitarajiwa hapa Urgut, tunafagia hadi barabara ya jirani. Chumba chenye nguo chafu tunakifunika kwa zulia na kuapa kuwa hapo hapajawahi kuwa na mlango. Mchana ule watoto wote kumi na wanne walikusanyika nyumbani kwa Malohat, binti wa mshonaji, wakafanya kazi ya pamoja kama tunavyofanya mtu akijenga. Wakaoka somsa za nyama, wakawasha simu zao, wakafagia majalada.

Wakafuta kila kilichowatia aibu. Sauti zenye kigugumizi, insha zenye wino wangu mwekundu, video ambazo kuku wanasikika nyuma. Mmoja akiona huruma kufuta, mwenzake alimfutia. Kisha, kwa kuwa ni watoto wasafi, wakamwaga na pipa la taka lenyewe, lile ambalo mtu angeweza kuokota alichotupa. Baadaye mwalimu wa kompyuta alijaribu kurudisha akashindwa. Jioni walirudi makwao wameridhika kabisa.

Jumanne tume ikaja. Wanaume wawili, na mwenyekiti wao, Bi Rohila Sattorovna, mama wa makamo mwenye miwani mikubwa, asiyetabasamu hata ukimpa asali. Wakafungua jalada la Zebiniso. Sauti ya kwanza kabisa ni ya mwezi wa Machi: msichana anaeleza jinsi bibi yake anavyopika sumalak, uji wetu wa machipukizi ya ngano, dakika tano bila kukwama. Wanaume wale wakatazamana. Bi Rohila akasema, "Mwiteni."

Akaja. Akasimama. Akakauka, kaka. Alitaja jina lake, basi. Aliulizwa kuhusu sumalak hiyo hiyo, akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Bi Rohila akanigeukia. "Mwalimu, huyu ni binti wa kaka yako?"

"Ndiyo."

"Na wewe unasema Kijerumani vizuri sana."

Damu ilinipanda hadi kichwani. Unanijua nikipandwa. Nikamwambia, "Mheshimiwa, sauti yangu mimi imekwaruzwa na chaki miaka kumi na tisa. Ile ni sauti ya msichana. Kama huniamini, nitaimba sasa hivi hapa ulinganishe." Mmoja wa wanaume wale akakohoa ili asicheke. Yeye hakucheka. Alisema, "Sikuiti mwongo. Nionyeshe alikotoka. Jalada lisilo na mwanzo ni albamu ya harusi tu, kila mtu kapendeza."

Nikafungua Septemba kwa mbwembwe zote. Tupu. Oktoba tupu. Nikafungua la Malohat, tupu vile vile.

"Zebiniso, kazi za Septemba ziko wapi?"

Akajibu kwa sauti ambayo niliisikia kwa shida, "Tulizifuta, Mwalimu. Zilikuwa mbaya. Ulisema wageni wanakuja."

Nilikaa chini bila kuambiwa. Wale wengine kumi na watatu walijiokoa kwa midomo yao. Tume iliwauliza mmoja mmoja, wakajibu. Malohat aliongea hadi wakamwomba anyamaze. Aliyebaki ni mmoja, yule yule ambaye mpango wote huu ulikuwa kwa ajili yake. Bi Rohila akatazama saa. "Tunaondoka kesho. Mpaka saa nne asubuhi kama una mwanzo wake, ulete. Kama huna, sitaweka sahihi yangu."

Nilifika nyumbani mchana nikiwa nachemka. Nilimfokea Zebiniso mbele ya Mama, jambo ambalo sasa najutia. Mama akamtetea papo hapo. "Amekosa nini mtoto? Wageni huonyeshwa nguo za kufulia?"

"Mama, hawa si wageni wa kula pilau! Hawa ni kama daktari, wanataka kuona kidonda!"

"Basi ungewaambia watoto kuwa ni madaktari," akasema Mama. Na alikuwa na haki.

Wifi Oydin alikuwa anakanda unga. Hakuinua kichwa. Alisema tu, taratibu kama anavyosema yeye, "Lakini si alikuwa anamtumia baba yake kila Ijumaa?"

Kaka, ungemwona binti yako! Aliiva hadi masikioni. Nikamwambia, "Sema." Akasema hawezi, aliapa. "Ulimwapia nani?" "Baba." Mama akauliza kama kuna ubaya wowote, Zebiniso akaanza kulia, na katikati ya kilio ndipo siri yenu ikatoka. Kwamba tangu wiki ya kwanza ya Septemba kila alichojirekodi alikutumia wewe kwanza. Na kwamba wewe, Normurod bin mzee wetu, mtu uliyetoroka masomo ya lugha shule nzima hadi baba akakufunga kwenye mlango wa zizi, ulikuwa unamjibu kwa Kijerumani!

Mwamba wewe! Miezi tisa! Unanificha mimi dada yako, ninayekula kwa lugha hiyo? Nimecheka, nimekasirika, kisha nimelia kidogo, kwa mpangilio huo.

Ndipo nilipokupigia. Ulisema, "Niko juu ya ngazi." Nikasema, "Shuka. Tuma sauti zote za Zebiniso ulizonazo. Usiulize." Zikaingia dakika chache baadaye, moja baada ya nyingine, simu inalia mpaka Mama akasema tuizime. Sabini na nne, na tarehe kwenye kila moja. Hukuchagua. Ulituma kama unavyopakua matofali, zote kwa pamoja, za kwake na za kwako.

Nilizipanga zote kwenye jalada mchana ule. Zebiniso alikaa pembeni yangu akinishika kiwiko. "Shangazi, za baba zitoe. Watamcheka." Na mimi, kaka, sitakudanganya, nilikuwa nimeshaanza kuzitoa. Nilisikiliza nne za kwanza nikasema moyoni, hapana, ndugu yangu hawezi kusikika hivi mbele ya watu wa mkoani. Nilikuwa nimefuta mbili nilipojikuta natenda kosa lile lile nililompigia mtoto kelele saa mbili zilizopita. Nikazirudisha. Nikamwambia, "Zinabaki. Na wewe za kwako zinabaki, pamoja na kuku."

Jumatano saa nne tulikuwa mezani. Bi Rohila akasema ziende kwa tarehe.

Ya kwanza ya Septemba. Zebiniso anataja jina lake, kisha kimya kirefu, kisha anapumua, kisha sauti ya Mama uani anamtukana jogoo. Mwanamume mmoja akainamisha kichwa akicheka. Kisha jibu lako. Unasema, "Mimi jina Normurod. Mimi matofali." Wakacheka wote wawili. Zebiniso akafumba macho.

Bi Rohila akainua kidole, wakanyamaza.

Oktoba. Anaeleza chumba chake, anakosea, anarudia, anakosea pale pale, anarudia. Wewe unasema kuna matope. Novemba anasoma insha, na unasikika ukimrudisha kwenye neno alilokosea wiki iliyopita, maana wewe ulilikumbuka! Januari unasema, "Theluji nyingi. Mkono unauma. Sema tena polepole." Na anasema tena, polepole, na bila kujua anasema vizuri. Ijumaa baada ya Ijumaa. Ilipofika Machi, ile ya sumalak, hakuna aliyehitaji kuuliza msichana huyu alitoka wapi. Tulikuwa tumetembea naye njia nzima.

Nilidhani tumemaliza. Ikabaki moja, yako ya Jumapili iliyopita, ambayo binti yako hakuwa ameijibu kwa sababu ya maandalizi. Kijerumani chako kimevunjika kila kiungo, kaka, lakini kinatembea. Ulisema, "Binti. Mimi nyumbani nikija, wewe mimi fundisha? Au wewe mimi cheka?"

Ikaisha. Bi Rohila akanyoosha mkono aizime simu. Zebiniso alikuwa anaitazama simu ile, si tume, si mimi. Akaijibu. Kwa Kijerumani, kwa sauti yake ya nyumbani.

Nimeyaandika maneno yake jioni ile ile kabla sijayasahau, na amekataa kuyarudia kwenye simu, anasema alishayasema. Tangu Jumapili unasubiri jibu lako, basi hili hapa:

"Nitakucheka kwanza, baba, kisha nitakufundisha. Nitakucheka kwa sababu unasema wewe ni matofali. Lakini utakaa karibu nami na utarudia mpaka uweze, kama ulivyoniambia mimi nirudie. Nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia. Nikisema na wewe hayanikimbii. Ulipoondoka nilikuwa nakufika kifuani. Mama amenipima, sasa namzidi yeye. Wewe hujaniona. Miaka mitatu umenisikia tu. Mimi sitaki tena kukutumia sauti, baba. Njoo."

Alisema na mengine, kuhusu taasisi na jinsi anavyotaka kufundisha. Alizungumza dakika nne nzima mbele ya watu watatu wenye tai na miwani, na alipomaliza ndipo alipokumbuka kuwa wapo. Akaruka kama aliyemwagiwa maji.

Bi Rohila hakumuuliza swali lolote. Alivuta karatasi akatia sahihi, akaandika kiwango cha juu kuliko nilichokuwa nimemwombea mimi. Kisha akaniuliza, "Huyu mwanafunzi wa pili yuko darasa gani?" Nikasema ni baba yake, anajenga nyumba Samara. "Mwambie amepanda," akasema. "Tangu Septemba amepanda sana. Akirudi aje nimpime rasmi." Bado hakutabasamu, lakini alipotoka alimshika Zebiniso shavuni.

Majalada yanabaki. Toshpulat sasa anasema lilikuwa wazo lake. Muache. Mwaka ujao nitawaambia wanafunzi kwamba tume ni madaktari.

Mikate ya washenga Mama aliirudisha mwenyewe, kwa miguu, akiwa amevaa kilemba kipya. Tulimuuliza aliwaambia nini. Alisema, "Nimewaambia shule imesema."

Zebiniso anaanza taasisi tarehe mbili Septemba. Siku ya kwanza kila mwanafunzi mpya anapelekwa hadi langoni na mtu wa kwao. Tulikaa kikao jana, na nakupa taarifa yake kama ilivyo. Mama amesema miguu yake haiwezi safari ya Samarkand, na alisema hivyo akiwa ametoka kupanda bonde zima kurudisha mikate. Wifi Oydin amesema hawezi kumwacha ndama. Mimi nimesema siku hiyo nina vipindi. Hakuna mtu wa kumpeleka, Normurod. Tumehesabu nyumba nzima, hayupo.

Msalimie Ravshan unayelala naye chumba kimoja, mwambie mama yake amepona macho. Wifi Oydin anakusalimu, amekushonea shati na nimeliona: ni la mtu wa kusimama langoni, si la kazini. Mama anakusalimu na anataka simu yake. Wadogo wanakusalimu wote watatu. Mungu akulinde juu ya kuta hizo, akushushe salama, na akuelekeze njia ya nyumbani kabla ya Septemba.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ingawa umenificha miezi tisa,
Hosiyat